Homa Ndefu Kando ya Ziwa

Msomaji mpendwa, homa ni mgeni ambaye hakuna nyumba isiyomjua. Huja kwa baridi inayogonganisha meno, hugeuka joto linalokausha kinywa, na mwisho huleta jasho jingi, mgonjwa akadhani kuwa amekwisha achiliwa. Ikiondoka siku ya tatu au ya nne, hapana anayejali kuuliza jina lake. Lakini ipo homa isiyoondoka. Hukaa juma la kwanza na la pili, ikaingia mwezi, ikatoka na kurudi kama mdai, hata mwili ukakonda na nyumba nzima ikashikwa na hofu. Hapo ndipo watu huketi wakaulizana: homa hii ni ya nini? Swali ni fupi, na kila mtu hulijibu upesi. Mmoja atasema ni jua, mwingine ni maji mabaya, wa tatu ni husuda ya jirani. Insha hii yataka kukueleza jinsi swali hilo lilivyoulizwa kando ya Ziwa Victoria zaidi ya miaka mia moja iliyopita, jinsi wajuzi walivyolijibu vibaya mara mbili kabla ya kulijibu vyema, na kwa nini makosa yao yangali na faida kwetu.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Homa yenyewe si ugonjwa. Ni alama ya ugonjwa. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, na walisema kweli. Lakini moshi hautuambii kama kinachoungua ni kuni jikoni, ni majani shambani, au ni paa la nyumba. Malaria huleta homa. Homa ya matumbo huleta homa. Kifua kikuu, homa ya papasi na malale huleta homa vile vile. Kwa nje wagonjwa wa maradhi haya huweza kufanana kama watoto wa mama mmoja. Ili kujua ni moto gani unaowaka, hapana budi kutafuta ndani: katika damu, katika maji ya tezi, katika maji ya uti wa mgongo. Kazi hiyo ndiyo ya maabara, na chombo chake kikubwa kwa muda mrefu kilikuwa hadubini, ambayo hukuza kitu kidogo mara mamia hata jicho likakiona.

Katika mwezi wa Desemba 1901 reli iliyoanza Mombasa ilifika kwenye Ghuba ya Winam, mahali ambapo leo ni mji wa Kisumu. Wajenzi wa reli walipaita Port Florence, na kwa miezi michache zaidi mahali hapo palihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, hata mwaka 1902 palipohamishiwa upande wa nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wajaluo waliliita ziwa lao Nam Lolwe, nalo lilikuwa ghala yao ya chakula na njia yao ya safari. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetumia mamilioni ya paundi ili moshi wa gari lake uonekane kando ya maji hayo. Ulipoonekana, ziwa lilikuwa limekwisha zungukwa na msiba.

Kwa maana upande wa magharibi, katika Busoga na Buganda, palikuwa na ugonjwa ambao Waganda waliuita mongota. Mwaka 1901 madaktari ndugu wawili, Albert Cook na Jack Cook wa hospitali ya misheni ya Mengo, waliwaona wagonjwa wao wa kwanza wa ugonjwa huo wakawaarifu wakubwa. Nao ulifuata ukingo wa maji. Ukaingia katika visiwa vya Buvuma na Sese, ukaja Samia, ukashuka katika mwambao wa Nyanza hata visiwa vya Rusinga na Mfangano. Hesabu itajwayo mara nyingi ni kwamba Uganda peke yake ilipoteza watu wapatao 250,000 kati ya mwaka 1900 na 1920. Vijiji vilivyokuwa na mitumbwi na nyavu vikabaki magofu na nyasi.

Tazama, msomaji, jinsi adui huyu alivyojificha. Hakuanza kwa usingizi. Alianza kwa homa ya kawaida, kichwa kuuma na viungo kulegea, kama homa yo yote ambayo mvuvi huipata na kuivumilia. Homa hiyo ilikwenda na kurudi kwa miezi, pengine kwa miaka. Tezi za shingo zilivimba. Kisha tabia ya mtu ikabadilika: mchapa kazi akawa mvivu, mpole akawa mkali, msemaji akanyamaza. Mwisho alisinzia mchana na kukosa usingizi usiku, akasinzia na tonge mkononi, akakonda, akafa. Watu walipomwona amesinzia ndipo waliposema kuwa ameugua. Kumbe alikuwa ameugua tangu zamani, ila ugonjwa ulikuwa umevaa nguo za homa.

Katikati ya mwaka 1902 Chama cha Kifalme cha wataalamu wa sayansi cha London kilituma watu watatu kuja kutafuta asili ya ugonjwa huo. Mkuu wao alikuwa George Carmichael Low. Wenzake walikuwa Cuthbert Christy na kijana Mtaliano aliyeitwa Aldo Castellani. Walipanda gari la moshi kutoka Mombasa mpaka Kisumu kwa reli iliyokuwa bado mpya, kisha wakavuka ziwa mpaka Entebbe, ambako walifanya maabara yao.

Low alikuja na fikira iliyotangulia safari. Patrick Manson, mwalimu mashuhuri wa maradhi ya nchi za joto, alidhani kuwa malale yaletwa na mnyoo mdogo wa damu aitwaye filaria, kwa sababu mnyoo huyo alikuwa ameonekana katika damu ya wagonjwa. Low alipima damu akawakuta minyoo hao kweli. Mtu mwenye haraka angeandika barua siku hiyo hiyo kuwa jibu limepatikana. Lakini wajumbe walipima pia damu ya watu wazima wasio na ugonjwa wo wote, wakawakuta minyoo wale wale. Christy naye alitumwa kuzunguka nchi, pamoja na upande huu wa mashariki ambao Waingereza waliuita Kavirondo, akitazama damu za watu mahali kwa mahali. Ramani ya filaria na ramani ya malale hazikulingana. Fikira ya kwanza ikaanguka.

Simama hapa kidogo, msomaji, maana hapa pana jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu akiibiwa sokoni, hawezi kumkamata kila aliyekuwapo sokoni siku ile. Kuwapo si hatia. Kadhalika kijidudu aonekanaye katika damu ya mgonjwa si lazima awe ndiye aliyemwuguza. Hapana budi kuuliza maswali mengine: Je, huonekana kwa wagonjwa wote, au kwa wachache? Je, hakosekani kwa wazima? Je, panapokuwa na ugonjwa yupo, na pasipo na ugonjwa hayupo? Mpimaji asiyewapima wazima hajui alichokipata kwa wagonjwa.

Fikira ya pili ilikuwa ya Castellani. Alipochunguza miili ya waliokufa kwa malale, alikuta katika wengi wao bakteria wadogo waliojipanga kama shanga za mkufu, akaamini kuwa hao ndio wauaji. Hili nalo lilikuwa kosa, ingawa lilikuwa kosa la mtu mwenye bidii. Mwili uliodhoofika kwa ugonjwa mrefu huwa kama nyumba iliyovunjwa mlango: mwizi wa kwanza akiisha kupita, wengine huingia bila ya kubisha hodi. Bakteria wale walikuwa wageni wa saa za mwisho. Waliwapo wakati wa kufa, lakini hawakuwa mwanzo wa safari ya kwenda kaburini.

Castellani aliendelea kuwatafuta bakteria wake, safari hii katika watu walio hai. Alichukua sindano ndefu akatoa maji katika uti wa mgongo wa wagonjwa. Maji hayo huwa safi kama ya chemchemi, na kitu kidogo kilichomo hupotea ndani yake. Kwa hiyo aliyatia katika chombo cha kuyazungusha kwa kasi mpaka vitu vizito vikashuka chini, kisha akachukua tone la machicha yale akaliweka chini ya hadubini. Katika mwezi wa Novemba 1902, badala ya shanga alizozitazamia, aliona kijidudu mwenye umbo la samaki mwembamba, mwenye utando ubavuni kama pezi, akijipinda na kukimbia huku na huku. Alikuwa tripanosoma.

Ili tuelewe kwa nini jambo hilo lilikuwa la ajabu, yatupasa kwenda kwanza mbali, mpaka Gambia katika Afrika ya Magharibi. Huko, mwezi wa Mei 1901, nahodha mmoja Mzungu wa meli ya mtoni aliingia hospitali akiwa na homa isiyokwisha. Ilidhaniwa kuwa ni malaria, akapewa kwinini. Kwinini haikufaa kitu. Daktari wake, Robert Forde, alitazama damu akaona vijidudu wenye kujinyonganyonga ambao hakuweza kuwatambua. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo mtaalamu mwingine, Joseph Everett Dutton, aliwatazama akasema kuwa ni tripanosoma. Homa ya nahodha ikapewa jina, homa ya tripanosoma, ikawekwa peke yake katika vitabu. Hakuna aliyedhani kuwa ina undugu na usingizi wa mauti wa watu wa Ziwa Victoria. Kwa fikira za wakati ule, homa ile ilikuwa ya magharibi na usingizi ulikuwa wa maziwa. Moja ilikuwa ya damu na nyingine ya ubongo.

Mwezi wa Machi 1903 David Bruce, daktari wa jeshi la Kiingereza, alifika Entebbe pamoja na David Nabarro. Kufika kwake kulikuwa bahati, maana yeye alikuwa amekwisha kutana na jamaa za kijidudu huyu. Alipokuwa katika nchi ya Wazulu, katika miaka ya 1894 na 1895, alionyesha kuwa nagana, ugonjwa unaomaliza ng'ombe, huletwa na tripanosoma, na kwamba mchukuzi wake ni mbung'o. Castellani alimweleza kuwa katika wagonjwa 15 alikuwa amemwona kijidudu yule kwa 5. Yeye mwenyewe alikuwa bado ameshikamana na bakteria wake. Bruce alimhimiza aache yote na kufuata njia hii mpya.

Basi wakapima tena, na sasa walipima kwa utaratibu. Maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa malale yalitazamwa, nayo yalikuwa na tripanosoma kwa wengi wao. Maji ya wagonjwa wa maradhi mengine yalitazamwa vile vile, wala hayakuwa na tripanosoma hata mmoja. Kisha wakapima damu. Katika nchi zenye malale walikuta tripanosoma katika damu ya watu kadhaa ambao walikuwa bado hawajasinzia. Je, hili halikuwa kosa la filaria likirudi kwa mlango wa nyuma? La. Maana damu ya watu wa nchi zisizo na malale ilipotazamwa, hakuonekana tripanosoma kwa mtu ye yote. Filaria alikuwa kila mahali. Huyu alikuwa tu mahali palipo na msiba. Mwaka huo huo wa 1903 mwanamke mmoja wa Kizungu, aliyerudi Ulaya kutoka Kongo na homa ya tripanosoma, alifariki kwa alama zote za malale. Ndipo ilipodhihirika kuwa homa ndefu na usingizi havikuwa magonjwa mawili. Homa ilikuwa sura ya kwanza ya kitabu, na usingizi ulikuwa sura ya mwisho.

Likabaki swali la mchukuzi, na katika swali hili hadubini peke yake isingefaa. Bruce alihitaji macho ya wenyeji. Kwa msaada wa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, na wa machifu na wamisheni wengi, nzi wanaouma walikusanywa kutoka pande nyingi za nchi, kila fungu likaletwa pamoja na jina la mahali lilikotoka. Watu wa nchi walimjua mbung'o tangu zamani. Waganda walimwita kivu. Kila fungu lilipotiwa katika ramani, ilionekana kuwa mbung'o hukaa katika ukanda mwembamba wa miti na vichaka karibu na maji, na ukanda huo ndio uliokuwa na malale. Safari hii ramani mbili zililingana. Mvuvi ashushaye mtumbwi, mwanamke atekaye maji na mtoto aogaye ufukoni wote walipita katika kivuli cha nzi huyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Kleine, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Tanzania, alikamilisha habari hiyo kwa kuonyesha kuwa tripanosoma hukua ndani ya mbung'o kwa siku nyingi kabla nzi hajaweza kumwambukiza mtu.

Sasa ilikuwa imejulikana kuwa mgonjwa huugua tangu wakati wa homa. Lakini ilikuwa vigumu kumtambua wakati huo, maana katika damu vijidudu hawa huwa wachache, leo wapo na kesho hawaonekani. Mwaka 1904 madaktari Greig na Gray walipata njia nyepesi. Walitia sindano katika tezi iliyovimba shingoni, wakatoa tone la maji yake, na humo waliwakuta tripanosoma kwa urahisi zaidi kuliko katika damu. Mambo ya ulimwengu yana mizaha yao: mwaka 1803 Thomas Winterbottom, tabibu aliyekaa Sierra Leone, alikuwa amekwisha andika kuwa wafanya biashara ya utumwa walipapasa shingo za watu na kuwakataa wenye tezi zilizovimba. Wauzaji wa watu walikuwa wamejua alama ile miaka mia moja kabla ya madaktari kujua maana yake. Walitaka kuilinda mali yao tu, wala hawakutaka kumponya mtu.

Nisikufiche, msomaji, kwamba kujua chanzo hakukuwa sawa na kuponya. Dawa ya kwanza iliyotumiwa sana, atoksili, ilikuwa na sumu ya zaranika. Mwanasayansi Robert Koch aliijaribu kwa mamia ya wagonjwa katika visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907, na baadhi yao walipofuka. Serikali ya Uganda, chini ya Gavana Hesketh Bell, iliona kuwa njia iliyobaki ni kuwatenga watu na nzi, ikawaondoa wakazi wa ukanda wa maili 2 kando ya ziwa na baadaye wakazi wa visiwa. Walioondolewa waliacha makaburi ya wazee wao, migomba yao na uvuvi wao, kwa amri ambayo hawakuulizwa. Ugonjwa ulipungua, lakini kwa bei hiyo.

Wala maabara haikuwaacha watumishi wake. Forbes Tulloch, mmoja wa madaktari waliofanya kazi hiyo Entebbe, aliambukizwa humo humo kazini akafa mwaka 1906. Lakini walioitoa damu yao na maji ya uti wao, ambao pasipo wao hakuna ambacho kingejulikana, hawakuandikwa katika vitabu vya sifa. Madaktari wenyewe baadaye waligombana magazetini kwa miaka, kila mmoja akidai kuwa ndiye aliyegundua. Wagonjwa hawakugombana; walikuwa wamekwisha kufa.

Turudi Nyanza, maana hapa hadubini ilifika mwisho wa uwezo wake. Malale ni ya namna mbili: ya polepole, ambayo huchukua miaka, na ya haraka, ambayo huua kwa miezi au majuma. Kijidudu wa namna ya haraka hafarikiani kwa sura na yule wa nagana, ambaye hukaa katika ng'ombe na wanyama wa mwitu wala hamdhuru mtu. Ukiwaweka wawili hao chini ya kioo, jicho halitambui nani ni nani. Je, wanyama wa mwitu huhifadhi pia yule wa watu? Mwaka 1958 R. B. Heisch na wenzake walitoa taarifa ya jaribio lililofanywa kwa damu ya pongo aliyepigwa katika Nyanza. Tripanosoma wa pongo yule alitiwa katika mwili wa mtu mmoja aliyejitolea, na mtu huyo akaugua malale. Kwa njia hiyo ya hatari ilithibitika kuwa kichaka chaweza kuuhifadhi ugonjwa hata kama vijiji vyote vimepona. Leo hapana haja ya mtu kujitoa hivyo. Alama moja iliyo katika urithi wa kijidudu yule wa watu, ambayo wa nagana hana, huonyeshwa na vipimo vya maabara kwa saa chache.

Onyo la pongo yule lilikuwa la kweli. Katika Bonde la Lambwe, karibu na Homa Bay, mbung'o waliishi vichakani pamoja na wanyama wengi, na mwaka 1980 malale yalizuka huko tena. Kenya ilikuwa na hospitali ya malale huko Alupe karibu na Busia, na kwa miaka mingi mitego ya nzi, dawa na upimaji wa damu vilitumika pamoja. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nchini alionekana mwaka 2009. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale si tatizo tena la afya ya umma katika Kenya. Tangu reli ilipofika Kisumu mpaka siku hiyo, ilikuwa imepita miaka zaidi ya 120.

Labda utasema, basi kisa kimekwisha, na sisi tunahusika vipi? Tunahusika sana. Kando ya ziwa hili homa haijaondoka; imebadili jina tu. Jina ambalo kila mtu hulitaja sasa ni malaria, na aghalabu hukosei ukilitaja, maana malaria ni nyingi mno katika nchi hii. Lakini mazoea ya kutaja jina moja yana hatari yake. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi katika Afrika kumpa dawa ya malaria kila mtoto mwenye homa bila ya kumpima. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kabla ya hapo, mwaka 2004, kilifunguliwa Kisumu kituo cha kuwafundisha wapimaji kusoma malaria kwa hadubini: jinsi ya kuandaa tone nene la damu kwa kumtafutia kijidudu, na utando mwembamba kwa kuitambua aina yake, jinsi ya kuitia rangi ili kiini kionekane, na jinsi ya kuhesabu kwa uaminifu, hata macho yakichoka.

Walakini kosa la filaria bado linatuvizia. Mtu aliyezaliwa na kukulia kando ya ziwa huweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu yake bila ya kuugua, kwa kuwa mwili wake umekwisha zoeana navyo. Mtu huyo akishikwa na homa ya matumbo, au kifua kikuu, au homa itokanayo na maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa, atapimwa na malaria itaonekana. Ataambiwa jina la malaria, atakunywa dawa, na homa yake itaendelea. Kipimo hakikusema uongo; ila kiliulizwa swali moja kikajibu swali moja. Tena kipimo cha haraka cha malaria huweza kuonyesha alama majuma kadhaa baada ya vijidudu kwisha, kama nyayo zilizobaki baada ya mwizi kukimbia. Na kile kipimo cha zamani cha homa ya matumbo kiitwacho Widal, kilichoanza mwaka 1896, huweza kuitika kwa sababu ya ugonjwa wa siku zilizopita. Ndiyo maana homa inapodumu, tabibu mwangalifu huotesha damu katika chombo cha maabara na kungoja kwa siku kadhaa, aone ni bakteria gani atakayemea humo. Kungoja huko huchosha ndugu wa mgonjwa, lakini haraka haraka haina baraka.

Basi, msomaji kijana, siku moja huenda ukawa daktari, au mpimaji wa damu, au mzazi aliyempakata mtoto mwenye moto usiku. Kumbuka mambo haya. Homa ikidumu, usiifiche wala usiipe jina kwa kukisia. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nenda ukapimwe mapema, maana wagonjwa wa malale walipotea kwa kuwa sura ya kwanza ya ugonjwa wao haikusomwa. Jibu likija, na dawa ikinywewa, na homa isiondoke, usimwonee haya tabibu. Rudi ukamwulize tena swali lile lile la wazee: homa hii ni ya nini? Wala tabibu asikasirike kwa kuulizwa. Low aliijua filaria akakubali kuiacha ilipokanushwa na damu ya wazima. Castellani aliwapenda bakteria wake, lakini aliandika kwa uaminifu alichokiona hata kabla ya kuelewa maana yake. Kwa uaminifu huo, watu wa mwambao huu wanaovua leo Rusinga na Mfangano hulala usingizi wakaamka.